Habari za Kukuza Picha

Mwaka 2017 nyanya yangu, mzaa mama, alifariki dunia kijijini kwetu katika milima ya Taita, naye umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Kama ujuavyo, msomaji, imekuwa desturi siku hizi kuweka picha kubwa ya marehemu mbele ya waombolezaji, ili kila ajaye kuaga apate mahali pa kutuliza macho yake. Nyanya alikuwa na picha moja tu ya ujana wake iliyosalia. Alipigwa mwaka 1979, alipokwenda kuandikishwa kitambulisho. Kabla ya mwaka 1978 vitambulisho katika Kenya vilitolewa kwa wanaume peke yao. Sheria ilipobadilishwa, maelfu ya wanawake walikaa mbele ya kamera kwa mara ya kwanza katika maisha yao, nao hawakwenda kutafuta kumbukumbu bali walikwenda kutimiza amri ya serikali. Nakala moja ya picha ile ilibandikwa katika kitambulisho. Nakala ya pili nyanya aliihifadhi sandukuni, ndani ya bahasha, chini ya leso zake. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, na upana wake haukuzidi sentimita 3.

Binamu yangu mmoja, kijana mwepesi wa kazi, aliilaza picha ile juu ya meza, akaipiga kwa simu yake, akaituma kwa ndugu aliyekuwa mjini, na ndugu huyo akaipeleka katika duka la kuchapa mabango. Siku ya pili bango likaletwa limekunjwa kama mkeka. Tulipolikunjua uani, upana wake ulikuwa mita 1 kamili, lakini uso haukuwamo. Palikuwa na miraba tu, myeusi, ya kijivu na myeupe, mithili ya sakafu ya vigae. Wanawake waliokuwa wakipika walisogea, wakatazama, wakarudi jikoni bila ya kusema neno.

Mjomba alinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa ukoo, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Tueleze, uso wa mama umekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundisha historia kwa miaka kadhaa, nikijua tarehe za vita na majina ya wafalme, wala sikujua jambo lililokuwa limelala mbele ya miguu yangu. Yafuatayo nimeyajua baadaye, nami nakuandikia wewe kwa sababu hapana shaka siku moja utaulizwa swali kama lile.

Yatupasa kurudi nyuma miaka 180 na zaidi. Mwaka 1839, katika mji wa Paris, ulimwengu ulitangaziwa ufundi wa Louis Daguerre wa kunasa sura ya kitu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha zile zilikuwa nzuri ajabu, nazo zilionyesha hata nyuzi za nguo. Lakini kila moja ilikuwa pekee, haikuzaa nyingine. Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa na njia yake mbali, aliyoipatia hati ya kulinda ugunduzi mwaka 1841. Yeye alitumia karatasi, akapata kwanza picha ya kinyume, ambayo weupe wake ni weusi na weusi wake ni weupe, ile ambayo wapiga picha wetu huiita negativu. Negativu ile ililazwa juu ya karatasi nyingine yenye dawa, vyote viwili vikaanikwa juani, na hapo picha ya haki ikatokea. Na iwapo mtu alitaka nakala 20, alipata 20.

Sasa angalia sana jambo hili. Nakala iliyopatikana kwa kulalia negativu ilikuwa sawasawa na negativu yenyewe kwa ukubwa. Negativu ya kiganja ilizaa picha ya kiganja. Basi mtu aliyetaka picha kubwa kama mlango alilazimika kuwa na negativu kubwa kama mlango, na kamera ya kuimeza negativu hiyo. Walikuwako watu waliothubutu. Katika mji wa Sydney, Australia, alikuwako Bernard Holtermann, mtu aliyetajirika kwa dhahabu, ambaye mwaka 1875 aligharimia kazi ya mpiga picha Charles Bayliss. Waliugeuza mnara wa nyumba ya Holtermann kuwa kamera: chumba kizima kikatiwa giza, lenzi ikawekwa ukutani, nao wakapata picha za bandari juu ya vioo vyenye urefu wa mita 1 na nusu na zaidi.

Lakini aliyewapita wote kwa ukaidi alikuwa George Lawrence wa Chicago, katika Marekani. Kampuni ya reli ya Chicago & Alton ilikuwa imeunda gari-moshi ambalo mabehewa yake yalilingana yote, madirisha ya kipimo kimoja na paa za kimo kimoja, nayo ilitaka kulionyesha katika Maonyesho ya Ulimwengu ya Paris ya mwaka 1900. Kwa kuwa gari lenyewe halikuweza kuvuka bahari, picha ilipaswa kwenda badala yake, na picha hiyo iwe kubwa, isiyo na viungo. Lawrence angeweza kulipiga kwa vipande na kuvibandika pamoja, lakini kampuni haikutaka viraka. Basi akatengeneza kamera yenye uzito wa ratili 900, na ilipotiwa chombo cha kushikia kioo uzito ukafika ratili 1,400, yaani zaidi ya kilo 600. Kioo chake kilikuwa na urefu wa futi 8 na kimo cha futi 4 na nusu. Watu 15 walihitajika kuiendesha, nayo ilisafirishwa juu ya behewa la wazi hadi nje ya mji, mahali ambapo gari-moshi lilikuwa limesimama likingoja.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo wanafunzi wangu hulipenda kuliko mengine yote. Vumbi ni adui wa kioo cha picha, na kioo kikubwa hukusanya vumbi jingi. Lawrence aliifunika lenzi kwa kioo chekundu, kwa maana mwanga mwekundu haukuidhuru dawa ya siku zile. Kisha mtu mmoja akaingia ndani ya kamera kwa upande wa mbele, akaupangusa uso wa kioo kwa brashi laini ya manyoya, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake. Fikiri, msomaji, fundi aingiaye ndani ya kamera kama mtu aingiaye ghalani! Baada ya hapo lenzi ikafunuliwa kwa muda wa dakika 2 na nusu, na kuosha kioo kile kulitumia galani 10 za dawa.

Picha ilipofika Paris, wakuu wa maonyesho hawakusadiki. Kwa akili zao hapakuwa na kamera ya namna ile duniani, basi ilikuwa lazima ni picha ya kuungaunga. Wakamwagiza balozi mdogo wa Ufaransa aliyekuwa New York asafiri mpaka Chicago aitazame kamera kwa macho yake mwenyewe. Akaenda, akaiona, akatoa ushahidi, na picha ikapewa heshima yake. Mimi sioni kwamba wakuu wale walikuwa wajinga. Waliona picha kubwa kupita kiasi, nao wakauliza swali ambalo kila mtazamaji wa picha kubwa yampasa kuuliza: je, haya yote nionayo yaliingia kwa lenzi, au mengine yametiwa na mkono wa mtu?

Swali hilo lilikuwa na msingi, maana wakati wote huo palikuwapo njia nyingine ya kupata picha kubwa, na katika njia hiyo mkono wa mtu ulifanya kazi sana. Mwaka 1857 David Woodward wa Baltimore, ambaye kazi yake ilikuwa uchoraji, alipewa hati ya ugunduzi kwa chombo kilichokuza picha kwa nguvu za jua. Kioo kiliukusanya mwanga wa jua, mwanga ukapita katika negativu ndogo, kisha katika lenzi, na sura ikatupwa kubwa juu ya karatasi au kitambaa chenye dawa. Dawa za wakati ule zilikuwa nzito wa kupokea mwanga, hata kazi moja ikachukua saa nyingi, na fundi akawa mtumwa wa jua: jua likisogea, naye akigeuza chombo; wingu likipita, naye akingoja. Matokeo yake aghalabu yalikuwa hafifu, macho kama matone na nywele kama moshi. Basi mchoraji akaitwa. Kwa chaki, au penseli, au rangi za mafuta, akaongeza nyusi, akanyosha mdomo, akatia vifungo vya koti. Mwenye picha akaenda nayo nyumbani, ina ukubwa wa mtu mzima, naye akasema ni picha ya kamera. Nusu yake ilikuwa ya kamera. Nusu yake ilikuwa ya mtu ambaye huenda hakupata kumwona mwenye sura hiyo hata siku moja. Nakuomba uliweke moyoni jambo hili, kwani tutalirudia.

Mnamo mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Maddox, alieleza namna ya kuchanganya dawa ya fedha na jelatini, na kutokana na hayo zikapatikana karatasi zilizopokea mwanga upesi hata taa ikatosha. Tangu hapo kazi ya kukuza picha ilihama juani ikaingia chumba cha giza. Kamera nazo zikaanza kupungua badala ya kuongezeka. Mjerumani Oskar Barnack alibuni kamera ndogo ya kutiwa mfukoni, Leica, iliyotolewa sokoni mwaka 1925. Negativu yake ilikuwa milimita 24 kwa 36 tu, nayo fikira yake yote ilikuwa kwamba negativu iwe ndogo na picha iwe kubwa. Linganisha na kioo cha Lawrence. Kupata picha ya futi 8 kutoka katika negativu ya Barnack kwahitaji kuikuza mara 67 na zaidi kwa urefu.

Je, yawezekana? Yawezekana, lakini kuna ushuru. Filamu si kitu kilaini kama maji; ni chembe za fedha zilizotawanyika kama mchanga. Katika picha ndogo chembe hazionekani, na kadiri unavyoikuza ndivyo zinavyojitokeza, mpaka mahali pa shavu ukaona changarawe. Mafundi waliishi na ushuru huo, wakafanya makubwa. Mwaka 1955 Edward Steichen alifungua maonyesho ya The Family of Man katika New York, picha 503 kutoka nchi 68, nyingine ndogo kama daftari na nyingine zimejaza ukuta. Katika stesheni kuu ya reli ya mji uo huo, Grand Central, kampuni ya Kodak ilitundika kuanzia mwaka 1950, kwa muda upatao miaka 40, picha za rangi zenye kimo cha futi 18 na upana wa futi 60, zikiangazwa kwa taa kutoka nyuma. Nazo zilitengenezwa kwa vipande virefu vilivyoungwa. Waona kwamba viraka ambavyo reli ya Alton ilivikataa, Kodak ilivikubali. Abiria waliopita chini hawakuviona, kwa sababu walikuwa mbali. Neno hilo "mbali" ni kubwa katika habari hizi kuliko linavyoonekana.

Katika pwani yetu chumba cha giza kilikuwa na mabingwa wake pia. Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa picha alizozitunga kwa kuunganisha negativu, hata watu na vitu ambavyo havikukutana kamwe vikaonekana pamoja katika picha moja. Wateja wake walijua kwamba ni ufundi, wakaufurahia kwa jina lake la ufundi.

Sasa twafika katika kamera za dijitali, ambazo kila mmoja wenu anayo moja katika simu, au ana ndugu aliye nayo. Mzizi wake ni mwaka 1957, katika Marekani, ambapo Russell Kirsch na wenzake waliitia picha katika kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa picha ya mwanawe Kirsch, mtoto mchanga, nayo waliigawanya katika miraba 176 kwa 176. Kila mraba ukawa nambari. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wakabuni kipande chembamba kiwezacho kugeuza mwanga kuwa umeme wa kuhesabika, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak, alitengeneza kamera iliyotumia kipande cha namna hiyo. Ilikuwa na uzito wa kilo 3 na nusu na zaidi kidogo, ikapiga picha ya nukta 100 kwa 100, na kuiandika picha moja katika kanda ya kaseti kulichukua sekunde 23. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba kampuni iliyomlea mwana huyo iliendelea kutegemea filamu mpaka yakaifika ya kuifika, ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2012.

Nukta hizo wataalamu huziita pikseli. Mimi nitaziita nukta, kwani ndivyo zilivyo. Kila nukta ina rangi moja tu ndani yake, wala haina kitu kingine. Ukiikuza mara 10, hupati habari mara 10. Wapata rangi ile ile moja, imetanuka. Chembe za fedha za filamu zilitawanyika ovyo kama nyota, na jicho lilizisamehe. Nukta za kamera zimepangwa safu safu kama wanafunzi gwarideni, na zikiwa kubwa jicho huziona mara moja.

Kupiga picha kwa nukta kulitangulia. Kuichapa vizuri kulichelewa. Aliyesukuma mlango huo ni mtu usiyemtazamia, mwimbaji Graham Nash, aliyekuwa pia mpenzi wa picha. Mwaka 1989 alinunua mashine iitwayo Iris kwa dola 126,000. Mashine ile ilikusudiwa kuwaonyesha wachapaji namna gazeti au kitabu kitakavyokuwa, kabla ya kuchapwa. Karatasi ilizungushwa juu ya pipa huku wino ukirushwa matone kwa matone. Nash na mwenzake Mac Holbert walitaka kuitumia kwa karatasi nene ya wachoraji, na kwa kuwa haikuingia, wakachukua msumeno wa chuma wakakata sehemu ya mashine mpya yenye bei ile. Mwaka 1991 walifungua kiwanda chao katika California. Wino wa kwanza ulikuwa dhaifu, ukififia upesi kwa mwanga, mpaka zikapatikana rangi za kudumu. Mashine za leo za kuchapa mabango, zile zinazonguruma katika vichochoro vya Nairobi na Mombasa hasa wakati wa uchaguzi unapokaribia, ni ndugu wa mbali wa Iris: nazo hurusha matone madogo ya wino juu ya karatasi au turubai inayotoka katika gombo.

Kabla ya kuiacha filamu, wasanii sita wa California waliiaga kwa kishindo. Mwaka 2006 walizibaziba nyufa zote za banda la ndege katika kiwanja cha zamani cha kijeshi cha El Toro, wakaacha tundu moja dogo la milimita 6 tu, lisilo na lenzi, wakatundika ndani kitambaa chenye dawa, kimo chake futi 32 na upana wake futi 111. Baada ya dakika 35 kitambaa kikawa kimeshika sura ya kiwanja kilicho nje, kichwa chini miguu juu. Lawrence aliingiza mtu mmoja ndani ya kamera. Hawa waliingia wote.

Sasa turudi Taita, kwenye bango letu. Nilichukua rula nikalipima. Kila mraba ulikuwa na upana wa milimita 5, sawa na punje ya choroko. Bango lilikuwa mita 1, yaani milimita 1,000. Gawanya kwa 5, wapata 200. Basi uso wote wa nyanya, pamoja na kitambaa cha kichwa na mabega, ulikuwa umefika dukani ukiwa na nukta 200 tu kwa upana. Kirsch mwaka 1957 alikuwa na 176! Simu ya binamu haikuwa mbaya. Nilipoiuliza ilijibu kwamba hupiga picha ya nukta 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Lakini picha ya sentimita 3 iliyolala juu ya meza pana ilikuwa imeshika sehemu moja tu kati ya nane ya upana, na sehemu saba zilikuwa meza. Kisha ilipotumwa kwa simu, ilipunguzwa ili isafiri upesi, ule upana wa 4,000 ukawa 1,600. Gawanya 1,600 kwa 8, na zile 200 ndizo hizo. Uso wa nyanya ulipotelea mahali pawili: juu ya meza, na njiani.

Upande wa pili wa hesabu ni jicho. Jicho zima haliwezi kutenganisha nukta zenye nafasi ya milimita 1 kama mtu amesimama mita 3 na nusu mbali nazo. Kwake huwa kitu kimoja. Kwa hiyo picha ya kushikwa mkononi huhitaji nukta kama 300 katika kila inchi, bali bango la kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara laweza kuwa na nukta kubwa kama mbegu, na hakuna atakayelilaumu. Zile nukta 4,000 za simu, zikitunzwa zote, hutoa picha ya mkononi yenye upana wa inchi 13 na kidogo. Na kwa nukta 100 katika inchi, hutoa bango la inchi 40, ambalo kutoka mita 1 hivi ni safi kabisa. Mtu asikudanganye kwamba lazima ununue kamera mpya ili upate bango. Mara nyingi nukta unazo tayari, nawe umezipoteza wewe mwenyewe.

Usiku ule nilimtuma binamu Voi na ile picha yenyewe, ndani ya bahasha yake, akaipitishe katika skana ya nukta 1,200 kwa inchi. Picha ya sentimita 3 ikatoa nukta 1,400 kwa upana. Tukaichapa kwa upana wa sentimita 30 tu, si mita, na kila nukta ikawa chini ya robo ya milimita. Aliyesimama hatua moja mbali hakuona nukta; aliona uso, na juu ya uso mkwaruzo mmoja ulioshuka kutoka kitambaa cha kichwa hadi shavuni, kazi ya miaka 38 ya sandukuni. Picha haikuwa kubwa kama tulivyotaka. Watu walilazimika kuisogelea, na baadhi yao walikaa mbele yake muda mrefu.

Bango lile la mita 1 mjomba alikataa lichomwe moto. Alilikunja akaliweka juu ya kabati.

Hadithi ingekwisha hapo, lakini Desemba ya mwaka 2023, tulipokusanyika nyumbani, mpwa wangu alikuja na programu ya kompyuta ya namna mpya. Programu hizi zimefunzwa kwa picha nyingi mno, na ukizipa sura ya nukta chache hujaza zilizokosekana kwa kukisia, kufuatana na nyuso nyingine zilizopata kuziona. Mpwa alikuwa ameipa ile picha ya kwanza, ya nukta 200. Kwa kweli matokeo yalishangaza. Ngozi ilikuwa laini, kope zilihesabika moja moja, mkwaruzo haukuwapo, na kovu dogo juu ya jicho la kushoto, ambalo nyanya alilipata utotoni kwa kuanguka na kuni, nalo halikuwapo. Mama yangu aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa makini, akamrudishia kijana kwa upole.

"Amependeza sana," akasema. "Lakini huyu si mama."

Nilimkumbuka Woodward na wachoraji wa Baltimore, waliotia nyusi mahali palipokuwa na moshi. Mpwa alihuzunika, kwa maana nia yake ilikuwa njema, nami nilitaka kumwonyesha jambo ambalo nilikuwa nimelisoma lakini sijapata kulijaribu. Mwaka 1973 Leon Harmon, mtaalamu wa maabara ya Bell, alieleza jinsi uso wa Abraham Lincoln uliogawanywa katika miraba michache mikubwa usivyotambulikana kwa karibu, na jinsi unavyotokea mtazamaji anapokwenda mbali. Nikaliomba lile bango la juu ya kabati. Tukalipangusa vumbi, tukalipigilia misumari minne ukutani, nikamwambia mjomba atembee kinyumenyume asiache kulitazama. Miraba ya milimita 5 yahitaji mita 17 ili ipotee.

Mjomba ni mtu mzima, akaenda polepole, mkongojo ukimtangulia nyuma. Alipita mwembe, akapita tangi la maji, mpaka mgongo wake ukagusa ua wa zizi la ng'ombe. Hapo akasimama. Tulimwona akivua kofia yake.

"Naam," akasema. "Yupo."